Gramu Ishirini za Kuni

Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 inahitaji gramu ishirini na kitu tu za kuni kavu ili ichemke. Hicho ni kijiti kimoja, unene wa kidole, urefu wa kiganja. Hesabu yenyewe si ngumu, ni fizikia ya sekondari: kila lita inataka kilojuli 4.2 hivi kwa kila nyuzi moja unayoipandisha, nyuzi za kupandisha ni 80, na kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli kama 16,000 ndani yake. Nilipoiandika ubaoni mbele ya vijana wa kikundi chetu hapa Nyarugusu, dada mmoja alicheka akaniambia, "Kaka, njoo basi umwambie mama yangu hiyo hesabu."

Ana haki ya kucheka. Kwenye mafiga matatu, nje, upepo ukivuma, huenda sehemu moja tu kati ya kumi ya joto ndiyo inayoingia kwenye sufuria. Kwa hiyo zile gramu ishirini zinakuwa mia mbili na zaidi. Joto lililobaki linapasha upepo, linapasha ardhi, na moshi unaingia machoni mwa mama. Tunasema kuni hazitoshi, na kweli hazitoshi. Lakini ukisoma historia unaona kwamba watu waliofanikiwa hawakuanza kwa kutafuta kuni zaidi. Walianza kwa kuuliza joto linakwenda wapi.

Historia hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Wazazi wangu, watu wa Fizi waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, wangesema nimeandika makala juu ya makala. Maana kwetu Kongo makala ni mkaa wa kuweka kwenye mbabula, na hapa Tanzania makala ni haya unayosoma.

Mwaka wa maji na kuni

Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, Tanzania. Chukua kwamba kila mtu anatumia kilo moja tu ya kuni kwa siku. Hizo ni tani 250 kila siku, kutoka kwenye vilima ambavyo wiki moja kabla vilikuwa vinawatosha wanakijiji na mifugo yao. Miti ya karibu ikaisha, watu wakawa wanakwenda mbali zaidi kila mwezi.

Miezi miwili na nusu hivi baadaye, katikati ya Julai, ikawa zamu ya Goma. Karibu watu milioni moja waliingia ndani ya siku chache, wakakaa juu ya mawe ya volkano ambapo huwezi kuchimba choo wala kaburi bila taabu kubwa. Maji ya karibu yalikuwa ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kikaingia, kisha kuhara damu, na ndani ya mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000.

Kila mhudumu wa afya anajua kwamba maji yaliyochemka yanaua kipindupindu. Lakini uyachemshe kwa nini? Kuni zilizokuwa karibu zilikuwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, hifadhi ya taifa ya zamani kuliko zote Afrika. Watu wakaingia na mapanga. Mwaka huohuo wa 1994 UNESCO iliiandika Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Wengi wanaisimulia habari hii kama hadithi ya wakimbizi waharibifu. Mimi sikatai kwamba miti ilikatwa. Ila nauliza: mama mwenye mtoto anayehara, mbele yake bidoni ya maji ya ziwa, nyuma yake msitu, ulitaka afanye nini? Elimu ya kuchemsha maji kwa moto mdogo ilikuwa ipo duniani tayari, tena nyingine ilikuwa jirani kabisa, Nairobi. Ila ilikuwa haijamfikia yeye.

Jiko lenye kiuno

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi juu ya nishati mpya na jadidifu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana katika miaka ya 1970 na serikali nyingi zilianza kuhesabu miti. Wakati huo jiko la mkaa la Kenya lilikuwa la bati tupu, ndugu kabisa wa mbabula yetu. Bati linapitisha joto haraka. Ukiligusa unaungua, na hilo linalokuunguza ndilo joto ambalo lingekuwa ndani ya sufuria yako.

Wataalamu na mafundi waliangalia jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo uliochomwa ndani yake, wakalibadilisha lifae mapishi ya kwao. Umbo lilibanwa katikati kama kiuno, na juu kikawekwa kikombe cha udongo kinachozuia joto lisikimbilie pembeni. Hilo ndilo jiko unaloliona leo Kigoma, Kampala na Bujumbura. Mkaa unaookolewa ni kama robo hadi nusu, kutegemea jiko lenyewe na mkono wa mpishi.

Kitu kilichonivutia zaidi ni kwamba jiko hili halikushuka kutoka kiwanda cha mbali. Mafundi wa jua kali wa Nairobi waligonga mabati, wafinyanzi wakachoma vikombe, wachuuzi wakauza sokoni. Kikombe kikipasuka, fundi yupo. Ndiyo sababu bado lipo baada ya miaka arobaini.

Lakini lina upungufu wake: linataka makala. Kupata kilo moja ya makala kwenye tanuri la kufukia kwa udongo, unamaliza kilo tano hadi kumi za kuni. Ni kama kufunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Jiko la kuni lenyewe lilipata fundi wake katika miaka hiyohiyo ya 1980. Huko Oregon, Marekani, Larry Winiarski, aliyefanya kazi na kituo cha Aprovecho, alibuni jiko ambalo Waingereza wanaliita la roketi. Tundu lake limepinda kama herufi L. Vijiti vinaingia chini kwa kulala, moto unapanda kwenye bomba fupi lililozungukwa na kitu chepesi kisichopitisha joto, kwa mfano majivu. Humo ndani kunakuwa na moto mkali sana hata moshi wenyewe unaungua kabla haujatoka. Na moshi ni kuni ambayo haijaungua.

Sisi hapa tunalijenga kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Majani yakiungua yanaacha vitundu vidogo vya hewa, na hewa iliyofungwa ndiyo inayoshika joto. Vijiti viwe vyembamba na vikavu. Gogo bichi linatumia moto wake kujikausha lenyewe kwanza, wewe unasubiri tu na machozi.

Jua la Kakuma

Kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992 katika nchi ya Waturkana, ambako miti ni michache na jua halina huruma. Mwaka 1995 shirika la Solar Cookers International lilianza kupeleka huko majiko ya jua. Lilikuwa jiko la kushangaza kwa urahisi wake: kadibodi iliyobandikwa karatasi inayong'aa, sufuria nyeusi katikati, na mfuko unaopitisha mwanga kuifunika. Wazo la kukunja kadibodi hivyo lilitokana na kazi ya Mfaransa Roger Bernard.

Tusidanganyane, jiko hilo halikumaliza shida ya kuni. Usiku halipiki. Mvua inaharibu kadibodi, upepo unaibeba, na ugali huwezi kuusonga ndani ya mfuko. Lakini lilisaidia kusambaza jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: ili maji yawe salama, si lazima yachemke.

Louis Pasteur alionyesha hilo kwa divai katika miaka ya 1860. Maji yakifika nyuzi 65 na kukaa hapo kwa dakika kadhaa, vijidudu vya kipindupindu, vya kuhara na vya homa ya matumbo vinakufa. Shida ni kwamba macho yanaona mapovu tu, hayaoni nyuzi 65. Kwa hiyo kikatengenezwa kipimo kidogo kiitwacho WAPI, kijibomba cha plastiki chenye nta ndani. Unakitumbukiza kwenye maji nta ikiwa juu. Ikiyeyuka na kushuka chini, maji yako yamekuwa tayari.

Kama huna WAPI, chemsha mpaka mapovu makubwa yatoke, kisha ondoa. Yakishatoka inatosha. Nimewaona wengi wakiyaacha yachemke dakika kumi au kumi na tano "ili yafe vizuri". Hapo ndipo kuni zinapokwisha. Kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula joto karibu mara saba ya lile lililotumika kuyachemsha. Kwa hiyo kifuniko cha sufuria, hata kipande cha bati kilichonyooshwa, ni kama fungu la kuni ulilopewa bure.

Jua lina njia nyingine rahisi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuanza miaka ya 1980, Aftim Acra wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut alikuwa anatafuta namna ya kusafisha maji ya kuchanganyia dawa ya watoto wanaohara. Aliona kwamba chupa inayopitisha mwanga, ikiachwa juani, vijidudu vinakufa humo ndani. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa kwa watoto wa Kimasai nchini Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba waliokunywa maji yaliyokaa juani walihara kidogo kuliko wenzao. Chupa iwe ya plastiki safi isiyozidi lita mbili, maji yasiwe na tope, na ikae juani saa sita. Siku ya mawingu, iache siku mbili.

Kikapu na chupa ya chai

Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Mnorwe mmoja aitwaye Johan Sørensen alionyesha sanduku lisilo na moto lakini linaivisha chakula. Ndani lilikuwa limejazwa vitu laini vya kushika joto. Unachemsha chakula kidogo motoni, unakitia humo, unafunga, na joto lililomo linamalizia kazi. Wakati wa vita viwili vya dunia Waingereza waliokosa makaa ya mawe walitumia masanduku ya nyasi kwa namna hiyohiyo.

Mwaka 1892, London, James Dewar alitengeneza chupa yenye kuta mbili ambayo kati yake hewa imeondolewa. Yeye alitaka kutunza gesi zilizogeuzwa kuwa kimiminika kwa baridi, hakuwa na habari na chai. Mwaka 1904 Wajerumani wakaanza kuiuza kwa jina la Thermos. Leo nenda nyumba yoyote hapa kambini, mgeni akiingia utaona chupa ya chai inatoka. Ni chombo cha sayansi, tumeshakizoea tu. Ukijaza chupa moja asubuhi, hutawasha tena moto saa nne kwa ajili ya kikombe cha mtoto. Wauza kahawa wa pwani nao walilijua hili zamani: dele moja la shaba, vipande vichache vya mkaa chini yake, na kahawa inabaki ya moto kutoka baraza hadi baraza.

Kikapu cha joto unaweza kukitengeneza leo jioni. Chukua kikapu au boksi, jaza matambara, blanketi lililochakaa au majani makavu ya mgomba, acha shimo la sufuria katikati, na mto wa kufunika juu. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu nusu saa. Hiyo nusu saa usiipunguze, maharage yasiyochemka vizuri yana sumu inayotapisha. Kisha yaweke kikapuni na kifuniko chake, usifunguefungue. Baada ya saa nne au tano yarudishe motoni yachemke tena kidogo kabla ya kula.

Usiku nje

Kanuni ni hiyohiyo kwenye baridi. Wageni wanadhani Kigoma ni joto tu, lakini muulize mlinzi wa usiku mwezi wa sita na wa saba. Waulize waliopanga foleni ya mgao kabla ya alfajiri, au waliolala nje kwenye matanga. Tunawasha moto mkubwa, uso unaungua na mgongo unabaki baridi, kwa sababu joto lote linapanda mbinguni.

Moto mdogo wenye ukuta wa matofali ya udongo nyuma yake unakupasha kuliko mkubwa ulio wazi. Ardhi inanyonya joto la mwili, kwa hiyo weka kadibodi mbili chini ya mkeka kabla ya kutafuta blanketi la pili. Maji ya moto, si yanayotokota, kwenye chupa imara iliyozungushiwa kitambaa, yanapasha miguu ya mzee kwa saa kadhaa.

Kuhusu mbabula: isilale ndani na watu. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Na nyumba zenye turubai zinashika moto upesi.

Joto la bei nafuu kuliko yote halihitaji hata kijiti. Mwaka 1978, Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati na mashine chache za kuwapasha. Akaanza kuwaweka kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa. Njia hiyo sasa inafundishwa hospitali nyingi duniani. Mama zetu, wenye watoto mgongoni na kitenge juu, wanaelewa mara moja.

Nani anaulizwa

Nimalizie na Dadaab, Kenya, kwa sababu inawahusu wanaotusaidia. Wanawake wa huko walikuwa wakibakwa wakienda kutafuta kuni porini. Mwaka 1998 ukaanzishwa mradi wa kuwagawia kuni. Kuni hizo zilitosha kama theluthi moja tu ya mahitaji. Tathmini ya mwaka 2001 iliona kwamba zilipokuwepo nyumbani, ubakaji wa njia ya kuni ulipungua, lakini sehemu nyingine ukaongezeka. Kuni zilisaidia, ila mbakaji alikuwa bado yupo. Huwezi kumpa dada jiko ukasema umemlinda. Jiko linampunguzia safari, ulinzi ni kazi nyingine.

Hapa kwetu sheria haituruhusu kutoka kambini bila kibali. Anayekwenda kuni anahesabu mambo mawili: kukamatwa, na ugomvi na wenyeji ambao miti ni yao na wao pia wanapika. Wengi wanaotumwa ni wasichana, wengine walitakiwa kuwa darasani saa hiyo. Kila kijiti kinachobaki bila kuchomwa ni hatua ambazo msichana mmoja hakutembea.

Mwaka mmoja tuliletewa majiko na shirika fulani. Yalikuwa mazuri, yanang'aa, ila sufuria ya watu wanane haikai juu yake. Baada ya miezi michache kuku walikuwa wanataga ndani. Waliohesabiwa kwenye ripoti ni wote waliopokea. Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kuleta, waulizeni wanaopika: sufuria yako ni kubwa kiasi gani, unapika saa ngapi, nani anakushikia mtoto? Na mkileta, leteni na ufundi, kama ilivyokuwa kwa mafundi wa Nairobi. Wazee wanasema figa moja haliinjiki chungu. Mkimbizi, mwenyeji na shirika, akikosekana mmoja, chungu kinaanguka.

Kikundi chetu kinajenga majiko ya udongo kila Jumamosi baada ya saa tisa. Anayetaka kujifunza aje na ndoo ya udongo wa kichuguu, majani makavu, na sufuria anayopikia nyumbani, kwa sababu jiko tunalipima kwa sufuria hiyo.